Somo: Kumwimbia mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau

Ninyi mnaolea wazee hapa Lubumbashi, shikeni daftari.

Ugonjwa huu wa kusahau, dimensia ya aina ya Alzheimer, huanza kuharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika mambo mapya. Ndiyo maana mama anauliza tena na tena kama amekula. Nyimbo za ujana zimekaa kwingine: watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha mwaka 2015 kwamba sehemu zinazotunza muziki wa siku nyingi haziharibiki sana kama nyingine. Anaweza kupotewa na jina lako, na wimbo akaumaliza.

Hatua ya 1. Tafuta nyimbo za alipokuwa na miaka 10 hadi 30. Aliyezaliwa 1948 mpe gitaa za Katanga, rumba ya miaka ya 1960, nyimbo za kwaya ya parokia yake. Waulize wa rika lake waliokaa naye kambini enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière, kabla ya Gécamines.

Hatua ya 2. Wimbo mmoja, televisheni imezimwa. Tazama mwili: kidole kinachogonga kiti, midomo inayotangulia ubeti. Usimuulize "Nani anaimba?" Huo ni mtihani, na unamwumiza bure.

Hatua ya 3. Anza kuimba kabla ya kumvua nguo za kuoga, akishagoma umechelewa. Imba mwenyewe, hata kama sauti haikupendezi. Anafuata pumzi yako.

Hatua ya 4, ambayo wengi wanairuka. Mgonjwa huenda hasomi tena uso wako. Hasira, woga na huzuni humpita, au huvichanganya. Kaa mbele yake, sema wazi: "Mama, nimefurahi kukuona." Wimbo ukimliza, mshike mkono kwanza. Machozi tu si sababu ya kuzima. Akitetemeka au akikusukuma, zima.

MASWALI

— Yaya, baba alikuwa mwimbaji wa kwaya. Kwenye kilio cha mdogo wake alicheka. Roho yake imekuwa mbaya?

Hapana, leki, mdogo wangu. Iko dimensia inayoanzia mbele na pembeni mwa ubongo, mara nyingi kabla ya miaka 65. Huyo anaweza kuutambua wimbo na asiusikie huzuni yake, kama asivyoiona usoni mwa wafiwa. Mpelekeni kituo cha Joseph Guislain, cha magonjwa ya akili hapa Lubumbashi, na waelezeni ndugu kabla hawajamchukia.

— Kwetu wanasema kambo, mzazi wa mama, ni mchawi, anaimba usiku wa manane.

Ni mgonjwa! Dimensia huvuruga usiku na mchana. Mpeni jua la asubuhi, asilale sana mchana. Na mkubwa wa familia aende naye kwa daktari, asikie kwa masikio yake.

— Muziki utamrudishia kumbukumbu?

Hauponyi. Humtuliza, na humpa saa nzuri pamoja nanyi.

— Tangu jana mama hatambui hata nyimbo zake. Nibadilishe?

Tangu jana? Dimensia kwa kawaida huja polepole. Yaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, au dawa mpya. Hospitali leo hii, nyimbo baadaye.