Somo: Mafuta ya lavenda kwa anayekosa usingizi, kwa joto letu la Kusini

Maelekezo mengi ya mafuta ya harufu yametungwa kwa nyumba za nchi za baridi: funga madirisha, washa mashine ya mvuke, jifunike blanketi. Yafuate hivyo hivyo Mtwara mjini au Kilwa mwezi wa Desemba, kaskazi imeshika na bati bado linatoa joto saa nne usiku, uone kama hutaamka na kichwa kizito. Mafuta ni yaleyale. Kinachobadilika kwetu ni kipimo, mahali pa kuyaweka na namna ya kuyatunza.

Tuelewane mapema kuhusu nguvu yake. Lavenda haimwangushi mtu usingizini kama kidonge. Majaribio yaliyofanywa yanaonyesha nafuu ya kiasi tu, mengi yalihusisha watu wachache, na ni vigumu kumpa mtu harufu asijue kapewa nini. Kwa maoni yetu kazi yake kubwa ni kuuzoesha mwili: harufu ileile, saa ileile, kila usiku, mpaka pua ikiipata mwili unaelewa kuwa shughuli za siku zimekwisha. Ndiyo maana matone mawili kila siku yana faida kuliko matone ishirini usiku mmoja wa hasira.

VITU VYA KUWA NAVYO

Mafuta ya lavenda, chupa ya ml 10. Mafuta ya nazi au ya ufuta, ml 30. Chupa ya kioo ya rangi ya kahawia; ile ya dawa ya kikohozi inafaa, ikioshwa na kukaushwa kabisa. Kijiko cha kupimia dawa cha ml 5, siyo kijiko cha chai cha jikoni, maana hivyo havilingani. Pamba na kisahani. Basi.

HATUA YA 1: Chagua chupa sahihi

Tafuta kwenye kibandiko jina la mmea, Lavandula angustifolia. Kuna ndugu yake, Lavandula latifolia, mwenye kafuri nyingi zaidi. Huyo anachangamsha, na ni chaguo baya kwa mtu anayetafuta usingizi. Kibandiko kikiandika manukato tu, bila jina la mmea, hiyo ni harufu ya kutengenezwa. Itanukia vizuri, lakini usiipake mwilini kwa vipimo vya somo hili.

Jaribio la nyumbani: dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, liache mpaka kesho. Mafuta halisi ya lavenda hupotea karibu yote. Likibaki doa la kung'aa kama la kitumbua, yamechanganywa na mafuta ya kupikia au mengine mazito. Jaribio hili halikamati kila udanganyifu. Harufu ya kiwandani nayo hupotea, kwa hiyo kibandiko na muuzaji unayemwamini bado vina kazi.

Ukikosa lavenda, langilangi inaweza kushika nafasi yake. Ni maua yaleyale yanayotiwa kwenye vikuba, na hulimwa Pemba na Komoro. Ila ni kali: anza na tone moja, ukizidisha inaleta kichwa na kichefuchefu. Mikalitusi, mnanaa na rozmari ni za kuchangamsha, ziache kwa ajili ya asubuhi.

HATUA YA 2: Andaa mafuta ya kuchanganyia

Hapa Kusini tuna bahati. Ufuta wa Lindi uliokamuliwa bila kukaangwa ni mzuri sana, unaingia kwenye ngozi polepole na hauna harufu kali. Uliokaangwa utameza harufu ya lavenda yote.

Nazi nayo ni nzuri, lakini mafuta ya nazi ya kupika nyumbani yana ugonjwa mmoja: maji. Tui likichemshwa na kuepuliwa mapema, maji kidogo hubaki chini, na ndani ya wiki chache mafuta yanachacha. Yarudishe jikoni moto mdogo mpaka yaache kutoa mapovu na sauti ya kuchirizika, yachuje kwa kitambaa safi kikavu, kisha yaache yapoe kabisa. Usitie lavenda kwenye mafuta ya moto. Itaruka hewani yote, na jikoni patanukia kuliko chumbani.

Mwezi wa Juni na Julai, hasa juu kule Newala, mafuta ya nazi huganda kwa sababu yanayeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi. Hayajaharibika. Shika chupa mkononi dakika chache.

HATUA YA 3: Kipimo

Kanuni ya kukariri: tone moja kwa kila kijiko cha ml 5 ni karibu asilimia 1. Kwa chupa ya ml 30 ni matone 6. Mtu mzima mwenye ngozi isiyo na matatizo anaweza kupanda mpaka matone 12, yaani asilimia 2. Zaidi ya hapo hupati usingizi zaidi, unapata vipele. Mzee, au mwenye ngozi nyepesi, abaki kwenye 6.

Tia mafuta ya kuchanganyia kwanza, kisha matone, funga, pindua chupa huku na huku mara kumi. Andika tarehe kwenye plasta uibandike. Tengeneza kidogo kidogo, isikae zaidi ya mwezi mmoja au miwili.

HATUA YA 4: Jaribu ngozi

Paka kidogo ya mchanganyiko kwenye kiwiko kwa ndani, ufunike na plasta, usilowanishe kwa saa 24. Pakiwasha, pakivimba au pakiwa pekundu, usitumie kwa kupaka. Hatua hii watu wengi wanairuka, halafu wanapaka mgongo mzima.

HATUA YA 5: Usiku wenyewe

Tuchukue kwamba unalala saa nne.

Saa tatu kasoro, oga maji ya uvuguvugu, siyo ya baridi kali. Maji ya uvuguvugu hupanua mishipa ya ngozi, mwili unatoa joto lake la ndani, na kushuka kwa joto hilo ni sehemu ya kulala. Msimu wa kupulizia mikorosho, usiingie chumbani na nguo zenye vumbi la salfa. Linawasha macho na koo, na hakuna lavenda itakayokusaidia ukiwa unakohoa.

Saa tatu na nusu, chukua nusu kijiko cha mchanganyiko, sugua nyayo, vifundo vya miguu na nyuma ya shingo. Usipake usoni. Nawa mikono kwa sabuni, maana mkono utakwenda kwenye jicho usiku bila kukuomba ruhusa.

Unapoingia kitandani, dondosha matone 2 ya lavenda tupu kwenye pamba, weka kisahanini, kisahani kiwe nje ya chandarua, mbali na kichwa kwa urefu wa mkono. Dirisha lenye wavu liwe wazi. Kama una feni, isipige moja kwa moja kwenye pamba, la sivyo utamaliza harufu yote kabla hujafumba macho.

Sasa angalia kosa linalofanywa zaidi kuliko yote: baada ya dakika chache hutasikia harufu tena, ukadhani imekwisha, ukaongeza. Haijakwisha. Pua imezoea. Anayeingia kutoka nje anaisikia vizuri. Ukiongeza kila pua inapozoea, usiku wa manane chumba kinakuwa kimejaa, na kichwa kinagonga.

Usingizi usipokuja kwa kadiri ya dakika 20 (kisia, usiangalie simu), toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito, ndipo urudi. Kugaagaa kitandani kunaufundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa mawazo.

Wenye mashine ya mvuke: matone 3 kwa ml 100 za maji, dakika 30 kabla ya kulala, kisha zima.

HATUA YA 6: Kutunza

Joto, mwanga na hewa ndivyo vinavyoua lavenda. Ikipata hewa muda mrefu, linalooli iliyomo hugeuka kuwa vitu vinavyowasha ngozi, hata kwa mtu ambaye mwaka jana hakupata shida. Kwa hiyo kizibo kikazwe, chupa ikae kwenye friji, au chini sakafuni kwenye kona yenye giza, kamwe siyo dirishani wala juu ya kabati karibu na bati. Chupa ya plastiki haifai. Iliyofunguliwa zaidi ya miaka miwili, au iliyobadilika harufu ikawa ya ukali, usiipake tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Huku Masasi lavenda ni shida kupata, lakini mafuta ya karafuu yapo kila duka. Nitumie hayo?

Marahaba. Hapana, mwanangu. Karafuu ina yujenoli nyingi, inachoma ngozi hata kwa kipimo ambacho lavenda haisumbui, na haisaidii usingizi. Kama lavenda haipatikani, afadhali chai ya mchaichai saa moja jioni. Haina kafeini, majani yako uani, na ukiinywa kila siku wakati uleule inafanya kazi ileile ya kuuzoesha mwili. Usitumie mafuta ya mchaichai kupaka bila kupima, yanawasha.

Sisi nyumbani tunafukiza udi kwenye chetezo. Naweza kudondoshea lavenda kwenye makaa?

Usifanye. Mafuta haya yanashika moto, na juu ya kaa yanaungua badala ya kunukia, unabaki na moshi. Kubwa zaidi ni makaa yenyewe: chumba kilichofungwa chenye makaa hujaa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua watu waliolala. Fukiza sebuleni jioni milango ikiwa wazi, toa chetezo nje, ndipo mkalale.

Je, nikinyunyizia kwenye chandarua si nitapata mambo mawili, usingizi na kufukuza mbu?

Acha chandarua kama kilivyo. Kina dawa yake, na mafuta yatakiacha na madoa yanayoshika vumbi mpaka ukifue mara kwa mara, na kila kufua kunapunguza dawa. Lavenda si kinga ya malaria. Mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, ina malaria ya kutosha, mtu asibadilishe chandarua kwa harufu.

Mjukuu wangu ana mwaka mmoja na nusu, halali. Tone moja tu kwenye mto?

Hapana bibi, umri huo usimwekee mafuta haya karibu na uso, na mikalitusi, mnanaa na kafuri ndiyo kabisa, vinaweza kumbana pumzi au kumtia degedege. Mtoto asiyelala apimwe kwanza homa, masikio, na kama pua imeziba. Chupa pia ifungiwe juu. Akinywa kwa bahati mbaya, msimtapishe, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa.

Nina pumu. Na mke wangu ni mjamzito.

Wewe kaka, kama harufu za manukato huwa zinakubana kifua, acha kabisa. Kama hazikubani, jaribu pamba ya tone moja mchana ukiwa macho na dawa yako ya kuvuta ikiwa karibu, usianze usiku. Mama asitumie miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo aulize kliniki, na akiruhusiwa abaki kwenye asilimia 1. Mwenye kifafa naye aulize kwanza.

Mimi usingizi unakuja vizuri, tatizo naamka saa tisa usiku na kubaki macho mpaka adhana.

Hapo mafuta yana msaada mdogo. Jiulize unaamshwa na nini. Kama ni haja ndogo mara mbili tatu, kapime sukari, na kama unameza kidonge cha presha cha kukojoza jioni, muulize daktari kama unaweza kukihamishia asubuhi. Kama wenzako wanasema unakoroma na kukata pumzi, hilo ni la hospitali. Kama ni kahawa ya barazani baada ya magharibi, nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tano baadaye. Na kama unaamka na huzuni isiyoisha, useme. Hiyo nayo hutibiwa.

Natumia dawa za CTC (kliniki ya wenye VVU) na tangu nianze usingizi umepungua. Mafuta yatagombana na dawa?

Kupaka kwa kipimo cha hapo juu hakuna shida. Lakini tazama dawa yenyewe: dolutegravir, iliyo ndani ya kidonge cha TLD, huwakosesha usingizi baadhi ya watu, na mara nyingi kuimeza asubuhi badala ya usiku kunatosha. Zungumza na mhudumu wako CTC kabla ya kubadili saa. Usiruke dozi hata moja.

Nipo Mikindani, navua dagaa usiku. Hiyo saa nne ya kulala mimi ndiyo natoka.

Hesabu zako zianze pale unapokwenda kulala, hata kama ni saa mbili asubuhi. Oga, paka, weka pamba, kwa mpangilio uleule. Ugumu wako ni mwanga: ziba dirisha kwa kitenge kizito, na wakati wa kurudi vaa kofia pana ili jua lisikuamshe njiani. Kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa nane usiku. Mbalamwezi inapokaribia na wewe unapumzika kutoka, sogeza kulala kwa saa mbili mbili kwa siku kadhaa, usiruke mara moja.

Nijipe muda gani kabla ya kusema haisaidii?

Wiki mbili za kufuata bila kuruka. Kila asubuhi andika vitu vitatu: ulipanda kitandani saa ngapi, unakisia ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi. Kama hakuna mabadiliko, acha mafuta, bakia na saa ya kulala isiyobadilika. Na kama unakosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, na imefika miezi mitatu, nenda hospitali, Ligula kule Mtwara au Sokoine kule Lindi au kituo kilicho karibu, ubebe daftari hilo. Daktari atauliza hayo hayo.