Keria ya tuktuk: bana, usitoboe

Vijana wa tuktuk hapa Maweni wananijua: ukitaka keria juu ya paa nitakufungia, lakini bomba la fremu silitoboi. "Ami, si utoboe tu tumalize?" La, mwanangu. Bomba lile ni jembamba. Ukilitoboa umelidhoofisha palepale linapobeba uzito, tena umefungulia hewa ya bahari njia ya kuingia ndani, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Kutu itaanzia ndani, na siku utakayoiona kwa nje, bomba limekwisha. Wanaokwenda Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, ndio wanaoumia mapema zaidi.

Dawa ni klampu. Mimi napenda ya vipande viwili: chuma bapa cha milimita 4, kila kipande kimekunjwa nusu duara kikumbatie bomba, masikio mawili ya kupitishia bolti. Yubolti, ile bolti iliyopindwa kama herufi U, nayo hufaa, ila hubana mahali pembamba, na ukiikaza kwa hasira bomba hubonyea.

Kwanza jua kipenyo cha bomba, yaani unene wake wa nje. Huna kipimo cha fundi? Zungushia uzi mara moja, upime urefu wake, ugawe kwa 3.14. Uzi ukitoka milimita 80, bomba ni kama 25 na nusu. Mpe welda namba hiyo, na umwambie jambo moja ambalo wengi hawalijui: klampu ikishakazwa, masikio yake yasigusane. Acha nafasi ya milimita 2 au 3. Kinachozuia keria isiteleze ni msuguano wa chuma kulibana bomba. Masikio yakigusana kabla bomba halijabanwa, bolti zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Utakaza mpaka jasho likutoke na keria bado inacheza.

Katikati ya klampu na bomba weka mpira wa tyubu ya ndani ya baiskeli, mzunguko mmoja tu, ulinde rangi. Usirundike. Mpira mnene hubonyea polepole chini ya mgandamizo, na unapobonyea, bolti inalegea bila nati kuzunguka hata kidogo.

Sasa bolti. Klampu nne za keria zinatosheka na bolti za M8, yaani za unene wa milimita 8, ambazo spana yake ni namba 13. Tazama kichwani: taka iliyoandikwa 8.8, ndiyo alama ya nguvu ya chuma chake. Isiyo na alama yoyote iachie mageti. Angalia pia usiuziwe ya inchi 5/16. Kwa macho ni pacha wa M8, kwani unene wake ni milimita 7.94, lakini meno yake ni mapana zaidi. Nati ya M8 itaingia kidogo halafu ikwame. Anayeilazimisha kwa spana huua meno ya vyote viwili. Iwapo nati haiendi kwa vidole tangu mwanzo, rudi dukani.

Kuhusu kutu, bolti zinazong'aa kama sarafu mpya zina zinki nyembamba, na kwa upepo wetu hazichukui muda. Zile za kijivu kilichofifia, zilizochovywa kwenye zinki ya moto, hustahimili sana, ila zinunue pamoja na nati zake, kwa sababu nati hizo hukatwa zikiwa na nafasi zaidi. Ukiwa na pesa, chukua chuma kisichoshika kutu chenye alama ya A4. A2 ni kizuri lakini chumvi hukiweza. Vyuma hivi vina tabia ya kung'ang'aniana nati kwa bolti hadi vishikane moja kwa moja, basi paka grisi kwenye meno na ukaze polepole.

Nati iwe nati loki, ile yenye pete ya nailoni, na washa bapa chini yake. Washa ya springi mimi siiamini kwa mtikisiko wa barabara kama ya Marafa. Nati loki iliyokwishatumika mpaka inazunguka kwa vidole, tupa. Na usiiweke karibu na ekzosi, nailoni haipendi joto. Hapo funga nati mbili zikabane.

Kaza kwa zamu: kidogo huku, kidogo kule, nafasi za masikio zibaki sawa pande zote. M8 ya 8.8 ikiwa kavu huchukua kama Nm 25 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani ukishika spana ya 13 mwishoni, ni nguvu ya kunyanyua kilo 15 hivi. Ukipaka grisi, punguza. Kwenye bomba jembamba mimi husimama kabla ya hapo, mara tu keria inapokataa kusogea nikiisukuma kwa mikono miwili. Meno mawili matatu ya bolti yatokeze nje ya nati. Halafu chukua rangi ya kucha, omba nyumbani kwa adabu, uchore mstari mmoja unaovuka nati, washa na klampu. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Lakini kwa ajili ya ule mpira, rudia kukaza baada ya siku ya kwanza ya kazi hata kama mstari haujakatika.

Klipu za mipira ya maji na mafuta zisiguse kazi hii. Hizo ni za mipira. Waya za taa za keria zifunge kwa tai za plastiki nyeusi, kwa maana nyeupe huliwa na jua zikakatika. Mkia wake ukate kwa kikata kucha, usimchane abiria mkono.

Mzigo je? Makuti, mikeka, godoro, sawa. Magunia ya mahindi hapana, kwani tuktuk ina magurudumu matatu na uzito ukiwa juu, kona moja inatosha kuilaza. Na kamba ifunge kwenye vyuma vya keria yenyewe, si kwenye masikio ya klampu, maana kamba ikivutwa na upepo hulivuta sikio upande na kulifungua.