Mtu akizidiwa na unga Downtown Eastside: la kufanya kabla ambulensi haijafika

Vancouver, Kanada, ni mji wa nyumba za bei ya kutisha, lakini Hastings Street inapokutana na Main uko Downtown Eastside, mtaa wa hoteli kuukuu ambazo watu hupanga chumba kimoja kimoja. Fentanili, dawa kali ya jamii ya heroini inayochanganywa kwenye unga, imeua wengi hadi jimbo la British Columbia ikatangaza hali ya dharura ya afya Aprili 2016. Ukifanya usafi au ulinzi huko, tembea na kifurushi cha naloksoni, dawa inayozima nguvu ya fentanili ili mtu apumue tena. Hutolewa bure katika maduka mengi ya dawa, bila cheti cha daktari. Cha sindano kina vichupa 3 vya miligramu 0.4, mabomba 3, glavu na kifuniko cha kupulizia pumzi.

Mwite kwa sauti, kisha msugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Haitiki, anakoroma kama anayesukutua maji au hapumui kabisa? Amezidiwa. Kwa mtu mweusi usingoje abadilike kuwa bluu: tazama midomo, fizi na kucha, hupauka kama majivu.

Piga 911, taja ghorofa na namba ya chumba, na mtu mmoja akasubiri mlangoni. Sheria ya Kanada ya 2017 inamkinga anayeita msaada asishtakiwe kwa kukutwa na dawa za kulevya za kujitumia mwenyewe.

Sasa pumzi, kabla ya sindano. Mlaze chali, inua kidevu, toa kilichomo mdomoni, bana pua, mpulizie mara 1 kila sekunde 5, ukiangalia kifua kinapanda. Kinachoua ni ubongo kukosa oksijeni. Hapa ndipo wengi hukosea, hushughulika na sindano mgonjwa akiwa hapumui.

Gonga kichupa dawa ishuke, kivunje shingo ukielekeza nje, vuta dawa yote. Unapotoa hewa usisukume hadi mwisho: sindano hizi hujirudisha ndani zenyewe, na dozi itakuwa imepotea. Choma wima kwenye msuli wa paja, hata juu ya suruali, kisha sukuma hadi isikike ikijirudisha. Endelea kupuliza dakika 3 hadi 5. Kama bado hapumui vizuri, ongeza ya pili.

Kipimo ni kupumua, si kuamka. Unga wa huko huchanganywa na dawa za usingizi kama medetomidini, ambazo naloksoni haizigusi, kwa hiyo anaweza kupumua sawasawa na bado akalala fofofo. Mlaze ubavu umwangalie. Ukimrundikia dozi ataamka na arosto kali, akitapika na kutaka kwenda kuvuta tena, wakati naloksoni yaweza kuisha nguvu ndani ya nusu saa na fentanili ingalimo. Mbembeleze angoje wahudumu.

Maziwa, maji baridi na makofi, achana navyo.

Wengi hufia vyumbani wakiwa peke yao, mlango umefungwa kwa ndani. Ukijua jirani anatumia, kubalianeni umgongee baada ya dakika chache, na ujue mapema ufunguo wa akiba anao nani.