Namna ya Kusoma Mkataba wa Ulinzi Kabla Bunge Halijaupitisha

Nimefundisha historia hapa Laikipia kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu, naishi Nanyuki. Kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza, BATUK, iko karibu nasi. Miongoni mwa niliowafundisha, wapo wanaopata unga wao wa kila siku kwa kazi za kambi ile, na wapo waliosimama nje ya lango lake na mabango wakidai haki. Wote ni wanangu. Nikiwasikia wakibishana, huwauliza swali moja tu: mkataba wenyewe mmeusoma? Kimya.

Mkataba wa ushirikiano wa ulinzi kati ya Kenya na Uingereza ulitiwa saini Julai 2021, ukafika mbele ya Bunge kwa mjadala mwaka 2023. Ni mkataba wa miaka 5, kwa hiyo mazungumzo ya kuuhuisha hayakwepeki. Septemba 2023 Waziri wetu wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alitia saini mkataba mwingine wa miaka 5 na mwenzake wa Marekani, Lloyd Austin, hapo Nairobi. Juni 2024 Rais Biden akaitangaza Kenya rasmi kuwa mshirika mkuu wa Marekani nje ya NATO, na siku iliyofuata vijana wetu wakaingia Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha. Urafiki huu unakua haraka, na anayeishi chini ya kivuli chake ana wajibu wa kujua umeandikwaje. Haya ndiyo ninayowaelekeza wanaokuja nyumbani kwangu Jumamosi na nakala mkononi.

Kwanza pata maandishi yenyewe. Usitegemee habari za televisheni, wala hotuba ya balozi. Tuna Sheria ya Kuweka na Kuidhinisha Mikataba ya mwaka 2012. Mkataba wa nchi mbili unaogusa usalama wa Kenya au haki za raia unaangukia chini ya sheria hiyo: Baraza la Mawaziri likishakubali, waziri husika anaupeleka kwa Spika wa Bunge la Taifa pamoja na waraka wa maelezo. Omba vyote viwili. Wengi huomba mkataba wakasahau waraka, na waraka ndio unaoeleza serikali inajifunga kwa lipi na gharama yake ni nini. Tafuta kwenye tovuti ya Bunge, miongoni mwa hati zilizowasilishwa mezani. Ukikosa, iandikie wizara barua ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Wana siku 21 za kujibu, na hulazimiki kueleza unazitaka habari hizo kwa nini. Wakikunyima, peleka malalamiko kwa tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ile tunayoiita Ombudsman.

Angalia pia kichwa cha hati. Sheria ya 2012 inaacha nje makubaliano ya kiutawala na ya kiufundi. Ukiona wanajeshi wa kigeni wanaruhusiwa kuingia nchini kwa hati iliyobatizwa jina la unyenyekevu, uliza kwa sauti. Kifungu cha 240(8) cha Katiba kinasema majeshi ya kigeni yataingia Kenya kwa idhini ya Bunge, jina la hati liwe lolote.

Ukiupata mkataba, anza kuusoma kutoka nyuma. Kurasa za mwanzo zimejaa maneno matamu ya udugu na heshima, na ukianzia hapo utafika katikati umechoka. Nyuma ndiko kuna muda wa mkataba, namna ya kuuvunja, na mahali pa kupeleka ugomvi ukitokea. Kisha rudi kwenye fasili. Nani anahesabiwa kuwa mgeni anayelindwa na mkataba? Askari peke yake, au pia raia anayefanya kazi na jeshi, mkandarasi, mke na watoto? Chora mstari chini ya kila neno lililofasiliwa, maana huko mbele litakurudia.

Sasa kipengele cha mamlaka ya kushtaki. Hapa nataka tukae.

Agnes Wanjiru alikuwa binti wa miaka 21, mama wa mtoto mchanga. Mwaka 2012 mwili wake ulipatikana ndani ya tangi la maji taka la hoteli moja hapa Nanyuki. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho alisema aliuawa, na kwamba wauaji walikuwa mwanajeshi mmoja au wawili wa Uingereza. Hati ya kumkamata mshukiwa ilitolewa na Mahakama Kuu Nairobi Septemba 2025. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Mtoto aliyeachwa akinyonya amekuwa kijana. Ninaposoma kipengele hiki na watu, huwaomba wamfikirie binti yule kwanza, kisha ndipo tusome.

Mikataba mingi ya aina hii hugawa makosa mafungu mawili. Makosa ya askari mgeni dhidi ya wenzake wa jeshini, na yale aliyoyatenda akiwa kazini, huachiwa nchi aliyotoka. Mengine yanabaki kwa nchi mwenyeji. Fungu lenye hatari ni hilo la "akiwa kazini". Uliza: nani anaamua kwamba alikuwa kazini? Kama ni barua ya kamanda wake, je, mahakama yetu inaweza kuipinga? Askari aliyepewa likizo ya usiku mmoja akaenda baa yuko kazini au hayuko? Kisha uliza anayeshukiwa anashikiliwa na nani kesi ikisubiriwa, na kama ameshapanda ndege, mkataba unaifunga nchi yake kumrejesha au unatumia neno laini kama "kushirikiana". Tofauti kati ya "lazima" na "itajitahidi" ndiyo tofauti kati ya kesi na kilio. Suala la nani ahukumu mauaji ndilo lililowagusa sana wabunge walipouchambua mkataba huu, na waliligusa kwa sababu wananchi walilikazania.

Cha pili ni fidia na mazingira. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya Wamaasai na Wasamburu 200 waliojeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa kwenye maeneo ya mazoezi, Dol Dol na Archer's Post. Kwa hiyo tafuta: nani anasafisha eneo baada ya mazoezi, na nani anathibitisha kwamba limesafishwa? Machi 2021 moto ulizuka wakati wa mazoezi ya jeshi hilo kwenye hifadhi ya Lolldaiga, hapa Laikipia, ukateketeza maelfu ya ekari. Wenyeji walipokwenda kortini, hoja ya kwanza ya upande wa pili ilikuwa kinga: kwamba jeshi la nchi nyingine halishtakiwi hapa. Mwaka 2022 mahakama ya Nanyuki ilikataa hoja hiyo, na ilifika hapo kwa kuusoma mkataba wa ulinzi. Ndiyo maana nasisitiza vipengele. Maneno yale yale yanayoonekana makavu kwenye karatasi yalimpa mchungaji wa ng'ombe mlango wa kuingilia kortini.

Faida nazo zisome kwa jicho lile lile. Mafunzo ya askari wetu, ajira, barabara: kila faida iliyotajwa, tafuta kama imeandikwa kama wajibu au imetajwa tu kwenye hotuba. Mpishi wa kambini anastahili kujua kazi yake inalindwa na sheria ya nani.

Baada ya kusoma, andika. Nilihudhuria kikao kimoja cha maoni nikiwa na hasira nyingi na karatasi tupu. Nilizungumza kwa uchungu wa kweli, watu wakanipigia makofi, lakini ripoti ilipotoka sikuona hata sentensi moja ya niliyosema. Iliniuma, maana nilikuwa nimesemea wengi. Tangu hapo nimefuata mpango huu: nambari ya kipengele, maneno yaliyopo, kasoro yake, maneno unayoyapendekeza. Kipengele kimoja, ukurasa mmoja. Karani wa kamati anaweza kukiingiza kwenye ripoti bila kukitafsiri upya.

Sheria inaitaka kamati husika, yaani Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni, iwasikilize wananchi inapouchambua mkataba. Tangazo hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, na mara nyingi siku ni chache mno, kwa hiyo andaa waraka wako mapema, usingoje tangazo. Kumbuka pia kwamba Bunge lina njia tatu: kuukubali mkataba, kuukataa, au kuukubali huku likiweka masharti kwenye vipengele fulani. Wanaharakati wengi hudai ukataliwe wote, na nawaelewa. Mimi huomba masharti mahususi, kwa kuwa mbunge anayeogopa kumkataa rafiki wa serikali bado anaweza kuunga mkono sharti la ukurasa mmoja.

Tarehe ikikupita, Kifungu cha 119 cha Katiba kinakupa haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi, Bungeni hata baadaye. Peleka waraka kwa mkono ukiweza, upigiwe muhuri kwenye nakala yako, kisha mpe mbunge wako nakala nyingine. Kamati ikishatoa ripoti, ifungue kwenye orodha ya waliotoa maoni. Kama jina la kikundi chenu halimo, mwandikieni karani wiki hiyo hiyo, mkiambatisha ile nakala yenye muhuri.