Pima Ng'ombe wa Pembe Ndefu Kabla ya Kumuuza

Ndugu wafugaji mnaoleta ng'ombe Goma kutoka Masisi na Rutshuru, kosa ni lilelile: dume la Ankole, yule ng'ombe wa pembe ndefu, linauzwa kwa macho. Mwenye ng'ombe anasifu pembe, mchuuzi anajibu kwamba pembe haziliwi, bei inashuka. Katika hilo mchuuzi ana haki. Nyama ya Ankole, isiyo na mafuta mengi, iko mgongoni na mapajani, na bila kipimo huwezi kuitetea.

Chukua mita ya fundi nguo. Pima asubuhi, kabla ng'ombe hajala wala kunywa, amesimama mahali tambarare, miguu minne sawa, kichwa juu. Zungusha mita kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu. Iguse ngozi bila kuibana. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, kwa mstari ulionyooka. Wengi wenu mnafuata mviringo wa tumbo! Huo si urefu wa ng'ombe, acheni.

Zidisha kifua kwa kifua, halafu kwa urefu, vyote kwa sentimita, ugawanye kwa 10,840, upate uzito kwa kilo. Kifua 160 na urefu 130 ni kama kilo 307. Ni makadirio, mzani mzuri unayashinda, lakini yanatosha kuanzia mazungumzo ya bei. Akichinjwa, karibu nusu ya uzito huo ndiyo inayobaki kwenye ndoana.

Sasa sikieni vizuri: mnunuzi akiivuta mita hadi isome 155, hesabu inashuka hadi kilo 288. Sentimita tano tu zimekula kilo 19 zako. Kwa hiyo mita uishike wewe mwenyewe, upime mara tatu, uchukue wastani. Mita ya kitambaa iliyotanuka itupe.

Anza kupima miezi mitatu kabla ya kuuza, kila baada ya siku 30, uandike daftarini. Usingoje kiangazi cha Juni hadi Agosti kiishe ndipo umtoe: nyasi zikikauka, hata Ankole anayevumilia malisho duni anapungua, na kilo ulizolisha tangu Machi zinapotelea malishoni. Namba zikisimama mwezi mzima, muuze. Zikipanda, unafanya vizuri.

Mchuuzi akikataa kuiona mita, mrudishe ng'ombe nyumbani, umsubiri mwingine siku ya soko inayofuata.