Kushona Vazi la Porini na Kuokota Uyoga Miombo Inapochipua

Katika misitu ya miombo ya Tanzania, kama ile ya nyanda za juu kusini, majira ya kuchipua hayasubiri mvua. Kuanzia Septemba hivi, ardhi ikiwa bado kavu na vumbi likitimka, miti ya miombo hutoa majani mapya yenye rangi nyekundu na ya shaba, ambayo baadaye hugeuka kuwa ya kijani. Mvua hufuata Novemba au Desemba, na siku chache baada ya udongo kulowa vizuri, uyoga wa kwanza hutokeza. Kati ya majani hayo mekundu na uyoga huo kuna takriban miezi miwili, muda unaomtosha hata mtu ambaye hajazoea kukalia cherehani kujishonea vazi la kuingilia porini. Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo wa majira: kushona kwanza, kuokota baadaye.

Vazi ninalolipendekeza ni kanzu fupi inayofika mapajani, yenye mikono mirefu na mfuko mpana wa mbele. Nimechagua muundo wa kanzu kwa sababu vipande vyake karibu vyote ni vya mistatili, havihitaji ujuzi wa kukata kola wala mikono ya mviringo, na pia kwa sababu mafundi wetu wa pwani walikwisha kutatua zamani tatizo la mtu kuinua mkono bila nguo nzima kupanda juu. Dawa yao ni kikwapa, yaani kipande kidogo cha mraba kinachoshonewa chini ya kwapa, na mtu anayeinama na kunyanyuka mara mia kwa siku moja msituni atakishukuru.

Nunua yadi 3 za kitenge cha pamba halisi au za kaki nyepesi. Kitenge huuzwa mara nyingi kwa kipande cha yadi 6, kwa hiyo mnaweza kugawana wawili. Chagua rangi inayoonekana kwa mbali, ili mwenzako asikupoteze kwenye vichaka, lakini epuka buluu iliyokolea na nyeusi, kwa kuwa mbung'o huvutwa na rangi hizo, na sehemu nyingi za miombo zina mbung'o. Kabla ya kitu kingine chochote, loweka kitambaa, kifue, kikaushe na ukipige pasi. Kitenge kipya huwa na wanga na hunywea kinapofuliwa mara ya kwanza; ukikata kabla ya kufua, vipimo vyote vilivyo hapa chini vitakuwa vya uongo baada ya wiki moja.

Vipimo unavyohitaji ni vitatu tu: mzunguko wa kifua, urefu kutoka begani hadi pale unapotaka vazi liishie, na urefu kutoka mfupa wa katikati ya shingo kwa nyuma hadi kwenye kifundo cha kiganja, ukipitisha futi kamba juu ya bega. Tuseme kifua chako ni sentimita 96. Ongeza sentimita 20 za nafasi ya kupumulia na kuvalia fulana ndani, upate 116, kisha ugawe kwa 4, upate 29. Hiyo ndiyo nusu ya upana wa kila badani, yaani kile kipande kikubwa cha mbele na mwenzake wa nyuma. Kunja kitambaa, na kuanzia kwenye mkunjo upime sentimita 30.5, kwa maana 1.5 ni ya mshono wa ubavuni. Kwa vazi la urefu wa sentimita 75, kata 80.5: 1.5 za mshono wa begani na 4 za pindo. Bega lishuke sentimita 3 kutoka shingoni hadi ukingoni. Shingo ikatwe sentimita 8 kutoka kwenye mkunjo, ikichimbika 9 mbele na 2 tu nyuma. Tundu hilo halitapitisha kichwa, wala halikusudiwi kukipitisha peke yake. Kazi hiyo itakamilishwa na mpasuo wa mbele.

Mikono ni mistatili miwili yenye upana wa sentimita 47. Kuhusu urefu, chukua kile kipimo cha shingoni hadi kifundoni, tuseme 78, uondoe 29 ambazo tayari zimo kwenye badani, zibaki 49, kisha uongeze 1.5 za mshono na 4 za sijafu, yaani pindo la mwisho wa mkono. Vikwapa viwili viwe na sentimita 13 kila upande. Mfuko wa mbele uwe na upana wa 36 na urefu wa 26. Mwisho, kata kipande cha sentimita 10 kwa 24 kwa ajili ya mpasuo, na ukanda wa upana wa sentimita 4 uliokatwa kwa mshazari kwa ajili ya kuzungushia shingo. Ukiukata kwa kufuata nyuzi zilizonyooka, utakataa kupinda na shingo itafanya mikunjo.

Kama kitambaa chako kina maua au wanyama wanaotazama juu, hakikisha kuwa badani zote mbili zimelala uelekeo mmoja kabla ya kugusa mkasi. Vazi langu la kwanza lilikuwa na kanga wanaotembea vizuri kifuani, na mgongoni kanga walewale wakiwa wamening'inia miguu juu, na kila niliyekutana naye njiani alijisikia ana wajibu wa kunijulisha.

Anza na mpasuo, kwa kuwa ndio unaohitaji utulivu. Laza kile kipande cha 10 kwa 24 juu ya badani ya mbele, sura kwa sura, yaani pande zao za nje zikigusana, katikati kabisa. Chora kwa chaki mstari wa sentimita 18 kutoka shingoni kwenda chini, kisha shona pembeni mwake kwa umbali wa nusu sentimita, ukishuka upande mmoja, ukigeuka chini kwa mshono mfupi, na kupanda upande wa pili. Kata katikati hadi karibu na mshono wa chini, pindua kipande kiende ndani, na upige pasi. Usiogope kukata hadi karibu kabisa na pembe. Mpasuo unaojikunja chini ni dalili ya mtu aliyeogopa mkasi.

Baada ya hapo shona mfuko kwenye badani ya mbele, na ugawe kwa mshono mmoja wa wima ili upande mmoja ukae kisu na brashi, upande wa pili ukae karatasi na filimbi. Unganisha mabega, funga shingo kwa ule ukanda wa mshazari, kisha ambatisha mikono: katikati ya mkono ikutane na mshono wa bega, nao ushonwe sentimita 22 kwenda mbele na 22 kwenda nyuma, ukiacha sentimita 1.5 za mwisho bila kushonwa kila upande.

Sasa kikwapa. Mraba una pande nne, na kila upande una mwenyewe: pande mbili zinazokutana kwenye pembe ya juu ni za kingo mbili za mkono, na pande mbili zinazokutana kwenye pembe ya chini ni za badani ya mbele na ya nyuma. Kwa hiyo pembe mbili zilizobaki, za kulia na kushoto, huangukia pale mshono wa mkono unapoishia. Piga bandi kwanza, yaani shona kwa mkono kwa mishono mirefu ya muda, uvae, uinue mikono, utazame. Kufumua bandi ni kazi ya dakika mbili, na kufumua mshono wa cherehani kwenye kikwapa ni kazi ya kuharibu jioni nzima. Ukiridhika, shona kila upande peke yake, ukianza na kuishia sentimita 1.5 kabla ya pembe, halafu ufunge mkono kutoka kifundoni hadi kwenye kikwapa na ubavu kutoka kwenye kikwapa hadi chini. Sindano namba 90 inatosha kwa kitenge; kwa kaki tumia 100. Kingo za ndani zipigwe ovaloki, ule mshono wa kuzuia nyuzi zisifumuke, kwa fundi wa jirani ikiwa huna mashine yake. Kwenye sijafu pitisha lastiki, kwa kuwa sijafu iliyobana ndiyo inayozuia siafu.

Mvua zikishakolea, vazi liwe tayari. Usiende peke yako, na kama hujawahi kuokota, usiende bila mtu wa mahali hapo anayeujua uyoga wa mahali hapo. Katika vijiji vingi vya miombo wajuzi ni kina mama na mabibi, ambao walifundishwa na mama zao tangu utotoni. Nenda kwa heshima, toa shikamoo, eleza unachotaka, na ukubali kubeba kikapu siku ya kwanza bila kuchuma chochote. Uliza pia serikali ya kijiji kama msitu huo unaruhusiwa kuingiwa, maana baadhi ni hifadhi na huhitaji kibali.

Uyoga wa kuanzia nao, kwa maoni yangu, ni ule wa kichuguu. Mchwa wa aina fulani hulima kuvu ndani ya viota vyao kwa ajili ya chakula, na mvua zinaponyesha kuvu hiyo hupandisha uyoga hadi juu ya ardhi. Kofia yake huwa na ncha katikati, na shina lake huendelea chini ya udongo kama mzizi mrefu hadi kwenye kiota. Mzizi huo ndio shahidi wako mkubwa: chimba taratibu pembeni kwa kisu, uone kama unashuka, na usikibomoe kichuguu chenyewe, kwa kuwa ndicho kitakachokupa uyoga mwaka ujao. Mmoja wa jamii hii, Termitomyces titanicus, hukua hadi kofia yake ikakaribia upana wa mita moja, kiasi kwamba kofia moja tu ingemtosha mtoto kujikinga mvua.

Wa pili ni uyoga wa njano au wa rangi ya chungwa wa jamii ya Cantharellus, ambao huota chini ya miti ya miombo kwa sababu unaishi kwa kushirikiana na mizizi yake. Ndiyo maana haulimwi bandani kama uyoga wa mamama. Geuza kofia. Uyoga mwingi una kurasa nyembamba chini ya kofia, kama za kitabu, lakini huu una matuta butu yanayogawanyika na kuteremka hadi kwenye shina, na hayabanduki kirahisi kwa kidole.

Kinachopaswa kukutisha ni uyoga wenye kurasa nyeupe, pete shinani, na kikombe au mfuko chini ya shina. Hizo ni alama za jamii ya Amanita, ambayo ndani yake wamo wauaji wakubwa kuliko wote. Baadhi ya ndugu zao wa miombo huliwa na kuuzwa na wajuzi, jambo ambalo linamfanya mgeni azidi kuwa hatarini, kwa hiyo mwanzo achana na jamii nzima. Kikombe hicho mara nyingi kimefukiwa, na anayekata uyoga juu ya ardhi hatakiona. Chimbua kila aina ngeni hadi chini kabisa.

Nyumbani, kata kofia moja, uilaze kifudifudi juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, uifunike kwa bakuli hadi asubuhi. Vumbi litakaloanguka lina rangi yake: la uyoga wa kichuguu ni la waridi, la Amanita ni jeupe. Vumbi la kijani kutoka kwenye uyoga mkubwa mweupe ulioota kwenye nyasi za uwanja ni la Chlorophyllum molybdites, unaotapisha vibaya.

Usiamini kwamba sarafu ya fedha au kitunguu kikigeuka cheusi sufuriani ndicho kipimo cha sumu, wala kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama kwa binadamu. Sumu za Amanita haziondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Dalili zake huchelewa saa 6 hadi 12, pengine hadi 24, kisha mgonjwa huonekana amepata nafuu wakati ini linaendelea kuharibika. Kwa sababu hiyo weka uyoga mmoja mbichi wa kila aina ndani ya karatasi kabla ya kupika, na mtu akianza kutapika au kuharisha, apelekwe hospitali mara moja pamoja na uyoga huo, hata kama baadaye anasema amepona.

Beba uyoga kwenye kikapu, kila aina peke yake. Mfuko wa plastiki, mbali na kupigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, huufanya uyoga utoke jasho na kuoza kabla hujafika nyumbani. Usafishe kwa brashi palepale msituni, uupike siku hiyohiyo, wala usiule mbichi. Ule wa njano hutoa maji mengi, kwa hiyo ukaange bila mafuta kwanza hadi yakauke, ndipo uongeze kitunguu, chumvi na karanga zilizotwangwa. Unaokula kwa mara ya kwanza, kula vijiko vichache tu na usubiri hadi kesho yake. Utakaobaki ukatwe vipande vyembamba, uanikwe juu ya ungo hadi uvunjike kama kijiti, kisha ufungiwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Vazi nalo ligeuzwe ndani nje kabla ya kufuliwa, kwa kuwa pembe za mfuko huficha mchanga na, mara moja moja, kisu ambacho umekitafuta nyumba nzima.