Kukimbia Malindi kumchangia mtoto mgonjwa: daftari kwanza, raba baadaye

Chukua mtoto mwenye ostiojenesisi imperfekta, ambaye mifupa yake huvunjika kwa pigo dogo tu. Dawa yake ya dripu hurudiwa kila baada ya miezi kadhaa, kwa miaka, basi kusema "tunachangisha matibabu" hakutoshi. Andika gharama za mwaka mzima: dawa, eksirei, plasta, nauli ya wawili kwenda Mombasa na kurudi (ni kama kilomita 120 kwenda tu), malazi. Weka na akiba ya mvunjiko mmoja. Tangaza jumla hiyo pamoja na barua ya daktari. Kabla ya kuipiga picha, funika jina la mtoto na namba ya faili.

Pesa zisiingie kwenye laini yako. M-Pesa ya mtu binafsi haihifadhi zaidi ya shilingi 500,000, na maneno ya mtaani huanza mapema kuliko hapo. Fungueni akaunti ya benki watu watatu, yenye namba ya kulipia, na pesa zitolewe kwa saini mbili. Muulize chifu na ofisi ya naibu kamishna wa kaunti kuhusu kibali. Ahadi za "mia kwa kila kilomita" ni tamu ila kuzikusanya ni kazi. Omba kiasi kizima, kilipwe kabla ya mbio.

Malindi hadi Gede ni kama kilomita 16. Hizo zatosha, kurudi kwa miguu ni tamaa. Panga Julai au Agosti, kusi ikiwa imepoza hewa, wala si Februari.

Mazoezi yachukue wiki 12, siku tatu kwa wiki. Mbio ndefu ianze kilomita 5, iongezeke moja kila wiki, na kila wiki ya nne uipunguze. Ukifika 13 umeiva. Wengi huumia ugoko kwa kuruka wiki hiyo ya kupumzika, na mzazi anayemwinua mtoto kila siku hana nafasi ya kuumia. Ufuoni kimbia maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa mgumu. Wakati huo huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ufuo umeinama, kwa hivyo rudi kwa njia ileile, la sivyo goti moja litabeba mzigo wote.

Kinywaji: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Dafu peke yake lina chumvi kidogo. Jipime kabla na baada ya mazoezi: kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Ukiwa umeongezeka uzito, ulikunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari.

Siku yenyewe anza saa kumi na moja na nusu alfajiri, umevaa kizibao kinachong'aa. Kimbia upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja. Paka mafuta ya mgando mapajani na kwapani.

Gede watu watataka picha ukiwa umembeba mtoto juu. Kataa. Umechoka, mikono inateleza jasho, na mtoto huyu hainuliwi kwa kushikwa makwapa. Abaki kwenye kiti chake, uchuchumae wewe kando yake.